Dada Aliyeanzisha Maigizo ya Watoto

Kamati ya ukumbi ilinipa wiki mbili niandike historia ya kikundi cha maigizo cha watoto, kwa kuwa kilikuwa kinatimiza miaka arobaini na mkongwe aliyebaki ni mimi. Mimi ni fundi cherehani. Nimekishonea mabawa ya ndege, mikia ya simba na majoho ya wafalme mpaka macho yameisha. Kuandika si kazi yangu, lakini kukataa nako kunataka nguvu.

Nilikwama mwanzoni kabisa. Mwenyekiti alitaka niseme kikundi kilianzishwa na mwalimu mkuu wa zamani. Si kweli. Kilianzishwa na dada yangu, muuguzi, aliyekuwa akitoka zamu Jumamosi asubuhi na kwenda moja kwa moja ukumbini kuwafundisha watoto wa mtaa. Alifanya hivyo miaka tisa. Kisha Jumamosi moja hakutokea, na hakurudi tena. Wengine walisema kagombana na kamati, wengine kaugua. Mimi sikumuuliza. Nilikuwa nimemnunia, maana aliniachia watoto thelathini na mchezo uliofika nusu.

Safari hii nilimwendea. Nilimkuta ameloweka miguu kwenye beseni.

"Dada, wanataka nimwandike mwalimu mkuu."

"Mwandike. Si ndiye alikuwa anatufungulia mlango?"

"Nataka kukuandika wewe. Kwa nini uliacha?"

Alizungusha nyayo majini, taratibu.

"Siku ile nilipitia nyumbani kwanza kubadilisha nguo. Nikavaa viatu, nikakaa kitandani. Nikawasikia watoto wanapita wakiimba, wanaelekea ukumbini. Nikavua viatu."

"Basi?"

"Basi. Sikugombana na mtu. Nilichoka, mdogo wangu. Ningekwambia, ungeniona mvivu."

Ningemwona mvivu kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikidhani uchovu ni kitu cha kulalia tu kikaisha.

Niliandika hivyo hivyo: alianzisha, akafundisha miaka tisa, akachoka. Mwenyekiti alisoma, akakunja uso.

"Hili neno linatutia aibu. Weka 'akastaafu'."

"Kama hulitaki, tafuta mwandishi mwingine," nikamwambia. "Na fundi mwingine."

Sikupandisha sauti, sikuwa nayo. Akaliacha lilivyo.

Siku ya sherehe, msichana wa darasa la nne aliisoma historia jukwaani. Alipofika kwenye neno lile, akina mama wa safu ya mbele waliitikia kwa vichwa, kama waliotajiwa mtu wa nyumbani kwao. Dada alikuwa kando yangu. Alinishika mkono.

Mchezo ukaanza. Mfalme hajamaliza hata hotuba yake, Dada alikuwa kaniegemea begani, amelala fofofo. Mwenyekiti alinyoosha mkono amwamshe. Nikauondoa mkono wake, nikakaa wima vile vile mpaka watoto wakamaliza.