Matanga ya Mke wa Chefu

"Kijiko moja tu, Ursule! Kijiko moja ya supu itakupunguza nini?"

"Itanipunguza jina, Solange. Na ondoa mguu yako kwa ndoo yangu."

Walikuwa bombani, na mtaa mzima wa maporomoko umesimama nyuma yao kwa adabu ile ya watu wasiotaka kupitwa na neno. Solange, jirani wa ukuta kwa ukuta, alishika kiuno.

"Siku ya samedi Hubert anapashwa kukaa kwa kiti. Liputa za sherehe tumeshashona, ngoma ziko tayari, tunangojea weye tu. Umefunga chefu yetu ndani ya tumbo kama choo yenye kukataa!"

Watu walicheka mpaka maji yakamwagika. Ursule alijitwika ndoo yake, akageuka polepole ili wote wamsikie.

"Alors, umwambie huyo chefu yenu angojee nikufe."

Aliyeshuka asubuhi ile kutoka mtumbwi wa Lubunga, ng'ambo ya mto, ndiye peke yake angehitaji kuelezwa. Hubert alimwoa Ursule kanisani, kwa pete na kwaya. Halafu akamwona Bijou, muuza vitenge mwenye kicheko cha kugeuza shingo za watu, akaenda tribunali, akarudi na talaka. Siku hiyohiyo alimtoa Ursule nje mvua ikinyesha, sufuria kichwani, Bijou amekaa barazani anatafuna karanga. Kisha chefu mzee, mtawala wa ukoo, akafa, na kiti kikamwangukia Hubert.

Hapo sheria zikaamka. Padri Nephtali alisema mimbarini kwamba karatasi ya tribunali haifungui kilichofungwa altareni. Ursule ni mke wake mpaka kifo. Ukoo nao ulikuwa na lake: chefu haketi bila mke wa kulinda moto ubavuni mwake, na mke mpya hapewi moto huo mpaka yule wa kwanza ale chakula cha mkono wa huyo mpya mbele ya wazee. Akila, ameachia. Asipokula, kiti kinabaki kitupu.

Kwa hiyo mwanamke aliyefukuzwa na sufuria kichwani ndiye aliyeshika funguo zote mbili, na alizichezesha. Walimletea samaki kapiteni wa kuchemsha na lituma, ndizi iliyotwangwa mpaka inang'aa, vyote vya mkono wa Bijou. Akamwita mbwa wa Solange avile palepale mbele ya waliovileta. Wakamtuma binti yake, Gracia, aliyebaki kwa baba yake na kila Jumapili alikuja kumsuka mama nywele.

"Mama, ukule, mambo iishe. Utabakia mama yangu."

"Nikikula nitakuwa nani? Mwanamke mwenye alifukuzwa, basi. Leo niko mwanamke mwenye wanakuja kubembeleza."

"Papa ana hasira. Na tonton Félicien hasemi kitu tena."

"Wakae na hasira yao. Bila mimi, kiti itaota uyoga." Ursule alicheka. Gracia hakucheka, vidole vyake vilivuta nywele mpaka machozi yakamtoka mama yake.

Félicien huyo, mdogo wa marehemu chefu na msemaji wa ukoo, alikuwa zamani karani wa reli kule Ubundu. Alipaka nywele rangi nyeusi, na alipenda sheria kama wengine wanavyopenda bia. Solange alipomfikishia maneno ya bombani, yangali moto na chumvi juu yake, alitikisa mguu.

"Amesema Hubert angojee afe? Mbele ya watu? Bon. Padri naye anasema mpaka kifo? Bon. Wawili wanasikilizana. Tuwape."

Kwa wavuvi wa mtaa ule, mtu akichukuliwa na maji ya maporomoko na mwili usionekane, huliliwa bila mwili: nguo yake inalazwa kitandani uani, watu wa nyumba wananyolewa, matanga yanakaliwa. Yakishakaliwa, jina lake halitamkwi tena. Na sura yake ikirudi siku nyingine, inapokewa kama mgeni, kwa sababu mto haurudishi mtu.

Jumamosi adhuhuri, samedi yenyewe, Ursule alikuwa akichambua sombe, majani ya mihogo, aliposikia vilio. Akachungulia ukutani.

"Solange, nani amekufa?"

Solange alikuwa anajifunga kitambaa cheupe kichwani. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Upepo ya leo, eh! Inakaribia kusema kabisa," akajiambia, akaenda zake.

Ursule alipanda toleka, baiskeli ya abiria, kufuata vilio. Kijana wa baiskeli alikuwa mchangamfu. "Unaenda matanga, mama? Bibi ya chefu. Wanasema maji ilimubeba. Masikini, aliolewa na pete!"

Uani kwa Hubert palijaa watu chini ya bashi la turubai, viti vya plastiki mpaka barabarani. Juu ya kitanda ililala gauni jeupe la harusi ya Ursule, mikono imekunjwa kifuani vizuri. Hubert, katika suti nyeusi, alikuwa analia, na alilia vizuri. Nyuma ya nyumba Bijou alikoroga sufuria kubwa.

"Niko hapa!" Ursule alipiga kelele. "Hubert! Mimi huyu! Solange, sema!"

Wimbo haukukatika. Mwanamke mmoja alikunja miguu kwenye mkeka ili kumpisha.

Félicien alimjia mikono miwili mbele. "Pole na safari, mama. Umetoka Isangi? Wengi wametoka Isangi leo."

"Félicien, unanijua! Padri atasema…"

"Padri amekatala kupiga kengele. Akatale. Mungu akae na bibi yake ya altare, sisi tutakaa na wetu." Akashusha sauti, karibu kwa upole. "Unasikia, mama. Kama weye uko mugeni, mugeni wa matanga analishwa. Kama uko yule mwenye tunalia, sufuria ni ile ya Bijou, wazee ndio hawa: akule tu, tunaondoa gauni, anarudishiwa jina, bila kiti. Asipokula, ni kusema amekufa, na chefu anakaa jioni hii. Barabara zote zinapita kwa sahani moja."

Ursule alitafuta uso mmoja wa kumtazama. Alikuwa amelala na funguo zake wiki zote hizi, na hakuna aliyemwambia kwamba mlango ukishavunjwa, ufunguo ni chuma tu.

Pazia la mlango likainuka. Gracia alitoka, kichwa kimenyolewa, kinang'aa juani, na vidole vile vilivyomsuka Jumapili vimeshika sahani ya lituma na kapiteni, mvuke unapanda.

"Gracia. Mwanangu."

Msichana alimtazama Félicien. Akamtazama baba yake, ambaye alikuwa ameacha kulia ili asikie. Kisha akatazama sahani.

"Mama mugeni," akasema, "jua ni kali. Ingia ndani, ukule."