Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Jumamosi mchana, mvua ilipokatika, Noëlla alitoa vyombo vyote nje ya chumba, akavipanga juu ya ubao karibu na bomba, akaviosha kimoja kimoja: sufuria, sahani za bati, vikombe, beseni, na mwisho kibuyu cha mama mkwe wake. Kibuyu kilikuwa kinanuka moshi. Kwao Tchomia, kando ya ziwa, chombo kinachonuka kinaoshwa, tena upesi zaidi kama nyumba ina mtoto mchanga. Akakitia maji na sabuni ya ndimu, akakitikisa, akakisuuza mpaka povu likaisha, akakianika juani.

Mama Godelive aliporudi kutoka kulima shamba la watu, alikiona. Aliketi kwenye kigoda, akakipakata kama mtoto aliyeanguka.

Ketsia, wifi yake Noëlla, ndiye aliyesema.

"Mungu wangu! Wifi, kibuyu ya maziwa haioshwake na sabuni. Ata maji haionake. Inakulaka moshi tu."

"Sikujua," Noëlla alijibu, macho chini. "Siye kwetu tunaoshaka kila kitu."

"Kwenu munaoshaka ata samaki yenye ingali ndani ya ziwa!"

Noëlla alianza kukusanya sahani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya mama mkwe wake maneno hayo machache nayo yalipungua. Alijua vizuri kibuyu kile kilikuwa nini. Siku watu wenye silaha walipoingia kijijini kwa wakwe zake mlimani na kuswaga ng'ombe wote, kila mtu alitoka na alichoweza. Emery, mume wake, alibeba godoro. Ketsia alibeba sufuria. Noëlla alibeba mimba. Mama Godelive aliacha mfuko wa nguo mlangoni, akabeba kibuyu kitupu. Njia nzima mpaka mji wa Bunia, Emery alimwuliza mama yake watakifanyia nini kibuyu kisicho na ng'ombe, na njia nzima mama yake alitembea tu.

Sasa walikuwa wanapanga chumba kimoja mtaa wa Shari, katika lupango la Mama Kahindo, muuza unga, ua wenye vyumba vingi vya kupangisha. Emery alipakua mizigo ya magari sokoni. Mtoto, Aimé, alizaliwa humo chumbani. Kwa kuwa mama yake alikula kidogo, naye alinyonya kidogo. Mikono yake ilikuwa imeanza kukonda, ngozi ikalegea kwenye viwiko kama soksi ya mtu mzima. Muuguzi alimtazama, akasema mama apate maziwa. Alisema vile kama mtu anavyosema mvua inyeshe. Tangu siku hiyo Emery alikuwa anarudi usiku, taa ikishazimwa, ili asiione ile mikono.

Jioni ile ya Jumamosi Mama Godelive aliweka makaa katika kigae, akatupia majani makavu, akakishika kibuyu juu ya moshi. Alikifukiza muda mrefu, maana kulikuwa na sabuni ya kutoa. Alipokuwa anafukiza, akawaita ng'ombe kwa majina, kama alivyowaita kule mlimani saa ya kukamua. Alianza na Kiburi, ambaye asipoitwa wa kwanza haji. Kisha Dimanshi, Pembe Moja, Muzungu, Mama Mapasa. Mwisho akaweka mdomo kwenye shingo ya kibuyu, akanong'ona jina moja ambalo Noëlla hakulisikia.

Alipokiinua, kibuyu kilikuwa kizito. Akamimina. Maziwa yalitoka, yenye joto bado, na povu juu.

"Leta kikombe," Mama Godelive alimwambia Ketsia. "Utasimama pale mpaka ikuwe mugando?"

Katika nyumba hii maziwa yalikuwa na utaratibu. Aliyenyonyesha alikunywa kwanza, kisha wengine kwa zamu, na hakuna aliyefuta mdomo kabla ya kumshukuru ng'ombe kwa jina. Mzee Médard, marehemu baba yake Emery, ndiye aliyeuweka. Alisema ng'ombe hakulazimishwa na mtu.

Noëlla alikunywa. Maziwa yalinuka sabuni ya ndimu. Akajisikia aibu mpaka masikioni.

"Kunywa," Mama Godelive alisema. "Tutakunywa na sabuni yake."

Usiku ule Emery aliporudi alipewa kikombe chake gizani. Akaonja, akaonja tena.

"Hii njo ya Kiburi," alisema. "Iko na chumvi."

"Ni ya Dimanshi," Ketsia alijibu kutoka kwenye mkeka. "Kazi ya gari imekuharibu ulimi."

Wakabishana mpaka mtoto akaamka. Kesho yake Emery alirudi jua likiwa bado juu ya mabati.

Tangu hapo maziwa yalikuja kila jioni. Aimé akaanza kunenepa kuanzia mashavuni, kisha vifundoni. Chumba kilikuwa kilekile, na godoro moja, lakini zamani walikula kila mmoja akitazama ukuta wake, na sasa walikaa duara, kwa sababu kikombe kinazunguka vizuri zaidi katika duara. Emery alisimulia habari za soko. Ketsia aliigiza sauti ya mwalimu wake. Walicheka kwa nguvu mpaka Mama Kahindo akapiga ukuta, akaja mwenyewe na bakuli la unga mkononi.

"Batu ya hii chumba, munakula nini yenye inachekesha hivi?"

Akapewa kikombe. Akaambiwa amshukuru Muzungu.

"Muzungu gani? Wa projet ya misaada?"

"Ngombe, mama," Ketsia alisema. "Iko nyeupe."

"Basi aksanti, Muzungu," Mama Kahindo alisema, akaacha unga, akaenda. Kutoka siku hiyo alileta unga bila kuulizwa, na hakupiga ukuta tena.

Noëlla peke yake ndiye aliyeendelea kukaa kidogo nje ya duara. Moshi ulikula harufu nyingi, lakini harufu ya ndimu ilibaki kwa mbali, na kila alipoisikia alijiona mgeni. Alikunywa wa kwanza, akashukuru kwa sauti ambayo mtoto tu aliisikia.

Ni harufu hiyo iliyomleta Papa Augustin.

Papa Augustin alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, na zizi lake lilikuwa nje ya mji, kando ya barabara ya Irumu. Alikuja jioni moja amevaa kofia nzuri na viatu vilivyopakwa rangi, akasimama katikati ya lupango, akanusa.

"Ni hapa," alisema.

Akapewa kigoda. Akaeleza shida yake kwa utulivu, kama mtu anayeeleza paa linalovuja. Alikuwa na ng'ombe kadhaa aliowapata siku si nyingi zilizopita. Asubuhi walikamuliwa vizuri. Jioni, jua likielekea kuzama, waliinua vichwa, wakageukia upande wa Shari, wakaachia maziwa, na maziwa hayakufika kwenye ndoo wala chini. Chuchu zao zilibaki zinanuka sabuni ya ndimu. Yeye alikuwa amefuata harufu ile kartie kwa kartie, bomba kwa bomba.

"Batoto yangu banalala bila maziwa," alisema. "Siye batu bazima, tuongee. Muache kuita ngombe yangu."

"Ngombe yako inaitwa nani?" Mama Godelive aliuliza.

"Ngombe inaitwa ngombe."

"Ile yenye iko na pembe moja, ulipata wapi?"

"Nilikuta banauzisha, nikalipa. Nikikuta mutu na ngombe, nitamuuliza alizaliwa wapi?"

Mama Godelive alitaka kujibu, lakini sauti ilikwama. Moshi wa majuma yale ulikuwa umemkausha koo, na mafua ya mvua yakamalizia. Kilichotoka kilikuwa pumzi tu.

Papa Augustin aliona hilo. Akasema vizuri, basi kesho jioni atakuja na chefu wa kartie, mkuu wa mtaa. Kama ng'ombe ni wao, wawaite mbele ya chefu, kibuyu kijae mpaka shingoni. Kisipojaa, kibuyu kitavunjwa na mambo yatakwisha. Akavaa kofia yake.

Alipoondoka, Noëlla alimwinua Aimé, akamshika vifundo vya mikono, vile vilivyokuwa na mikunjo sasa. Ni mimi niliyemwonyesha njia, aliwaza. Nisingekiosha, asingetufikia.

Kesho yake sauti ya Mama Godelive haikurudi. Alikunywa chai ya tangawizi, akasukutua maji ya chumvi, bure. Emery alijua majina, lakini katika nyumba ile wanaume walichunga, kuita ilikuwa kazi ya mama, na ng'ombe wasingeitikia sauti ya fimbo. Ketsia alijaribu mchana. Kibuyu kikatoa nzi.

Jioni chefu wa kartie alifika, mtu mnene mwenye haraka, Papa Augustin nyuma yake. Mama Kahindo na wapangaji wengine wakasimama milangoni. Mama Godelive aliweka makaa, akaweka majani. Kisha akachukua kibuyu, akakiweka mikononi mwa Noëlla.

"Mama, mi hapana," Noëlla alisema. "Mi sikuzaliwa na ngombe."

Mama Godelive alimsukuma kidogo begani, kama mtu anavyomsukuma ndama kwenye kiwele.

Noëlla alikishika kibuyu juu ya moshi. Alifunga macho, kwa sababu watu walikuwa wengi. Akamwita Kiburi kwa sauti ndogo, na mikononi akasikia uzito. Akamwita Dimanshi. Akamwita Pembe Moja, Muzungu, Mama Mapasa, kila mmoja kwa zamu yake, bila kuruka hata mmoja, kwa maana jioni zote zile, akiwa ameinamisha macho, masikio yake yalikuwa wazi. Alipomaliza alikitoa, akamwonyesha chefu.

Chefu alichungulia. "Iko maziwa," alisema. "Lakini haifike kwa shingo."

"Tulisema shingo," Papa Augustin alisema.

Hapo Mama Godelive alimvuta Noëlla sikio, akalisogeza mpaka mdomoni mwake, akanong'ona kwa pumzi iliyobaki.

"Iko moja umesahau. Ya Ziwa."

"Hiyo iko ngombe gani, mama?"

"Iko yako. Ilizaliwa ile siku ulifika kwetu, na kikapo yako ya samaki kwa kichwa, unakatala kuinua macho. Nikasema, hii nayo itaitwa Ya Ziwa. Kila mwali mwenye anaingia kwetu, nampatiaka ndama jina yake."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Weye hauulizake kitu." Mama Godelive alikohoa, akapata pumzi. "Njo ile inatoaka maziwa mingi kupita zote. Na haisumbuake."

Noëlla alirudisha kibuyu juu ya moshi. Alifungua macho. Alitazama upande wa barabara ya Irumu, juu ya mabati ya Mama Kahindo, akaita, "Ya Ziwa!" kwa sauti kubwa hivi kwamba Aimé alishtuka mgongoni mwa Ketsia, na mbwa wa jirani akajibu. Akaita tena, sasa kwa furaha tu. Maziwa yakapanda shingo ya kibuyu, yakamwagika juu ya vidole vyake, juu ya makaa, na lupango zima likanuka maziwa ya kuungua na sabuni ya ndimu.

Chefu alisubiri yatulie. Akaonja kwa kidole.

"Ngombe iko ya hii nyumba," alisema. "Kila mutu anaona. Papa Augustin, unaona?"

"Minaona."

"Lakini iko kwa zizi yako."

"Iko."

"Na funguo?"

"Iko kwa mufuko yangu."

"Basi," chefu alisema. Akaeleza kwamba maziwa ya jioni ni ya Mama Godelive, kwa sababu yanakuja yenyewe, na ng'ombe ni wa Papa Augustin, kwa sababu hawaji. Aliuliza kama kuna mwenye neno. Emery alikuwa na neno. Alilisema lote, kuhusu mlima, kuhusu watu wenye silaha, kuhusu siku ile. Chefu alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni kweli kabisa, akapewa kikombe chake, akamshukuru Dimanshi, akaenda kwenye mkutano mwingine.

Noëlla aliketi ndani ya duara jioni ile, kati ya Mama Godelive na Ketsia. Alikunywa wa kwanza. "Aksanti, Ya Ziwa," alisema, na wote wakasikia.

"Anajishukuru mwenyewe," Ketsia alisema. "Tangu leo nani atamuweza?"

Sauti ya Mama Godelive ilirudi baada ya muda, lakini hakukichukua tena kibuyu. Alisema Noëlla anaita vizuri, na kwamba harufu ya ndimu ameshaizoea, hata ikikosekana ataitafuta.

Papa Augustin naye alianza kuja. Mara ya kwanza alisimama langoni na kidumu kidogo mkononi, akasema watoto wake wanalia jioni. Emery aliinuka. Mama Godelive alimwambia aketi, mtoto hakuiba kitu. Kidumu kilijazwa mwisho, baada ya Mama Kahindo. Kisha Papa Augustin akapewa kikombe chake mwenyewe, akaelezwa utaratibu wa nyumba.

Sasa anakuja kila jioni. Anavua kofia, anaketi kwenye kigoda karibu na lango, anangoja zamu yake. Ameshamjua Kiburi kwa chumvi yake na Mama Mapasa kwa uzito wake, na hakosei tena majina. Aimé anatambaa mpaka kwenye viatu vyake vinavyong'aa, anajitazama humo.

"Aksanti, Ya Ziwa," anasema Papa Augustin, ndipo anafuta mdomo. Kisha anachukua kidumu chake, anawaaga mmoja mmoja kwa heshima, anaenda kufunga zizi. Kufuli ni jipya. La zamani lilikuwa linaingia kutu.