Ugonjwa wa Tajiri

Jina la Tajiri mume wangu alipewa na wenzake wa tanuri la matofali, pale kidole gumba cha mguu kilipomvimba. Zahanati walisema ni gauti, asidi ya yuriki imezidi, apunguze nyama. Nyama gani? Sisi nyama tunaisikia ikikaangwa kwa jirani. Lakini gauti, watu husema, ni ugonjwa wa matajiri. Basi Tajiri akameza vidonge vya maumivu akarudi kazini, akichechemea.

Kazi yao ni kutoa matofali yakiwa bado ya moto. Wanapanga mstari, tofali linarushwa mkono kwa mkono mpaka kwenye lori. Anayetoka kwenda kukojoa anakata mstari, wote wanasimama, kwa hiyo hawanywi maji. Anayekunywa wanamwita kichanga. Wanaume wazima, shati limeganda chumvi, wanaona fahari kushinda na kiu. Nimegomba mpaka koo likanikauka mimi.

Figo zake zimekufa. Kumbe asidi ilijaa kwa sababu zilikuwa zimeshindwa kuitoa. "Chanzo hatukijui, mama," daktari aliniambia. "Labda joto, labda vidonge, labda vyote." Sasa anasafishwa damu kwa mashine, na maji anapimiwa kikombe.

Tumaini letu lilikuwa mdogo wake, anayesimama naye mstari mmoja. Wanafanana kama shilingi kwa ya pili.

"Shemeji, Mungu kanipa mbili," aliniambia. "Moja ya kaka."

Siku ya majibu ya vipimo vyake alikuja na kandambili. Nikamsema: hospitali unakuja kama unakwenda bafuni?

"Viatu vinabana, shemeji."

Tuliingia kwa daktari pamoja. Daktari akasoma karatasi, akairudia.

"Unafanya kazi wapi?"

"Tanurini, na kaka."

Daktari akavua miwani. "Figo zako huwezi kumpa mtu. Nazo zimeanza kushindwa."

Nikatazama kandambili. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, kinang'aa. Nilikata tamaa palepale, na sioni aibu kusema hivyo. Nilikuwa na mgonjwa mmoja, sasa nina wawili.

Wodini mume wangu alikuwa amekaa kitako, amenyoa ndevu, anatusubiri. Tulikuwa tumekubaliana mimi ndiye nitakayesema, lakini mdomo wangu ulikataa.

"Vipi?" akauliza.

Mdogo wake akaunyanyua mguu, akaonyesha kidole. "Kaka, kumbe utajiri wetu ni wa ukoo."

Mume wangu akacheka, kama wanavyochekana tanurini. Kisha akakitazama kile kidole vizuri, kicheko kikaisha. Akajisogeza ukutani mdogo wake apate pa kukaa.

Kikombe cha mume wangu cha maji ya siku nzima kilikuwa mezani, hajakigusa.

"Mama," akaniambia, "mpe anywe."