Mandari ya Topeni

"Maji yako wapi?"

"Yalikuwa hapa."

"Najua yalikuwa hapa, si tumekuja juu yake! Nakuuliza sasa hivi yako wapi?"

"Yamekupwa, Bi Mwanakuu."

"Ah! Kumbe hata jina lake walijua, wewe!"

Haroun, aliyekuwa akiiendesha boti, alikuwa na mdomo wa kumjibu hata chifu, lakini hapa aliinama kulitazama tope. Boti imekaa juu ya tope katikati ya mikoko, huko ndani kabisa kwenye mto wa Tudor, ule mkono wa bahari uingiao bara, kama bata aliyelalia mayai. Kaa wadogo wametoka mashimoni kutazama. Na botini, Bi Mwanakuu, binti yake Afaf na akina mama wa mtaa wa Kuze waliokuja mandari na sufuria la pilau, wote macho kwake.

Boti yenyewe ni ya Bi Mwanakuu. Marehemu mumewe aliiacha, na sasa mama alikuwa akitafuta mtu wa kumkabidhi awe anapeleka watu matembezi huku na huku mitoni. Haroun aliitaka boti ile kuliko alivyotaka mke. Juzi tu ametoka Kisumu, kwenye Ziwa Viktoria, alikokuwa akizungusha watu kwa boti ya rafikiye Seth hadi viboko wakamjua kwa sura. Alipoomba kazi, Bi Mwanakuu akamwambia, "Tupeleke mandari kwanza, nikuone."

Basi akaonekana. Alipita chini ya daraja la Nyali kwa madaha, akaisogeza boti hadi kivulini mwa mikoko, akaifunga kamba fupi, kisha akaanza hadithi za ziwani. Kule ukifunga boti asubuhi, jioni waikuta palepale, maji yametulia kama ya birikani. Kazoea hivyo. Hakuyaangalia maji hata mara moja, na leo ni bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kukimbia sana.

"Mtoto wa Kuze!" akasema Afaf, sambusa shavuni. "Kazaliwa bahari iko mlangoni, leo kasahau kama maji huondoka! Wallahi hii nitaihadithia hadi nizeeke."

"Nimesahau," Haroun akasema. "Basi. Nimesahau. Mwataka niape?"

Boti ikalia kraa! ikaanza kulala ubavu. Sufuria likateleza. Akina mama wakapiga ukelele, wakalidaka sufuria kabla ya kudakana wenyewe. Haroun hakungoja. Akavua shati, akachukua pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, akaruka. Tope likammeza hadi magotini. Akaikita pondo ubavuni upande wa nyuma, na mbele akaweka bega lake mwenyewe. Boti ikatulia.

"Na ukichoka?" Bi Mwanakuu akauliza kutoka juu.

"Nikiondoka mwapinduka. Siondoki."

"Na mbu?"

"Washakuja. Nyinyi kuleni."

Wakala. Afaf akawa anainama kumlisha matonge.

"Fungua mdomo, nguzo."

"Tia pilipili."

"Nguzo haichagui!"

Mama mmoja akaanzisha wimbo wa harusi, wengine wakaitikia kwa makofi na vigelegele, hadi boti ikatikisika.

"Mama zangu, taratibu! Bega ni moja!"

"Nguzo haisemi!" wakamjibu kwa pamoja, na Bi Mwanakuu, aliyekuwa amenuna tangu maji yaondoke, akacheka hadi mtandio ukamwanguka.

Kivuli kilikuwa kimerefuka Haroun alipopaza sauti: "Maji!"

"Yako wapi?" akauliza Bi Mwanakuu, safari hii kwa upole.

"Hapa. Yamenifika kiunoni."

Boti ikainuka yenyewe, taratibu, ikaachana na bega lake.

Walipofika bandarini Mji wa Kale, akina mama walishuka mmoja mmoja, wakimuaga "nguzo" kwa vicheko. Bi Mwanakuu akawa wa mwisho. Haroun, tope limemkaukia mwilini, akamnyooshea ufunguo wa mashine.

"Ufunguo wako, Bi."

Mama hakuushika.

"Jumapili watu wa Bondeni wataka mandari," akasema. "Kabla hujafungua kamba, waja kuniuliza mie maji yajaa saa ngapi. Hata kama wajua."

"Nitakuja."

"Na ukaoge. Wanuka kaa."

Akageuka, akapanda ngazi kwenda zake.