Lenzi ya Bei ya Ng'ombe

Muthoka alikuwa amepiga picha za arusi Machakos kwa miaka ishirini na miwili akitumia lenzi moja tu, ile fupi isiyovuta wala kusukuma. Mwenye lenzi ya namna hiyo huvuta kwa miguu yake. Akitaka uso wa bibi arusi, anasogea. Akitaka ukoo mzima, anarudi nyuma, na koo za Ukambani si za watu watano. Ndivyo alivyorudi nyuma mwaka wa 2000 katika boma moja la mlimani kule Mumbuni, jicho kwenye kamera, akiwaambia watu wabanane, wabanane tena, hadi akakanyaga ukingo wa tuta na kuporomoka mpaka shamba la chini. Picha ilitoka mbingu tupu. Nyonga ilivunjika.

Ikaunga, lakini vibaya. Akisimama nusu saa, maumivu yanapanda hadi mgongoni. Akipiga magoti mbele ya altare ili apige picha ya pete, kuinuka ni lazima ashikwe mkono, na bwana arusi siku hiyo ana mambo mengine ya kushika. Kazi nyingine Muthoka hakuijua. Alianza kuziogopa Jumamosi, siku za arusi, yeye ambaye zamani aliziona Jumatatu kuwa zinamchelewesha.

Ndipo Aloys, mwenye duka la filamu mjini, rafiki yake wa siku nyingi, alipomwonyesha lenzi mpya.

"Hii ni kila kitu," Aloys alimwambia. "Unakaa kwa kiti kama chifu. Ukitaka ukoo, zungusha hivi. Ukitaka pete kwa kidole, zungusha hivi. Hakuna kubadilisha, hakuna kutembea."

Muthoka aliangalia barabarani kupitia lenzi hiyo. Akazungusha, na mama aliyekuwa akiuza ndizi ng'ambo akaja mpaka puani. Moyo ukamdunda. Kisha akaambiwa bei, akairudisha lenzi mezani polepole, kwa mikono miwili. Ilikuwa bei ya ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe wa maziwa alikuwa naye mmoja.

"Enda nayo arusi ya Kangundo ujaribu," Aloys akasema. "Jumatatu ya wiki ingine uniletee pesa ama uniletee lenzi. Hatutakosana."

Watu wa kukuamini na mali ya bei ile ni wachache, na Muthoka alilijua hilo. Alishukuru mpaka Aloys akamfukuza dukani.

Nyumbani, mkewe Mutheu aliigeuzageuza lenzi kama anayekagua embe sokoni.

"Baba Mbula, hiyo ng'ombe nitaipeleka soko mimi mwenyewe, na kamba nitashika na mkono yangu," alisema. "Lakini uniambie ukweli kama hii kitu itakurudishia kazi. Usiniambie inang'aa."

Muthoka alimwambia wangoje picha zitoke.

Arusi yenyewe ilikuwa ya Muli, kifungua mimba wa Mwongeli, mteja wake wa zamani, akimwoa Nzilani. Muthoka alikaa benchi la nyuma kanisani kama muumini wa kawaida, akazungusha lenzi, akamleta padri karibu, akaileta pete. Nyumbani kwa Mwongeli akatafuta kiti pembeni, chini ya ukuta wa jiko, akawapiga watu wakila, wakicheka, wakinong'onezana, hata ukoo ulipojikusanya mbele ya nyumba. Hakuna aliyemwona. Hata wagawaji wa chakula hawakumwona, na kwa mara ya kwanza tangu ashike kamera, Muthoka alitoka arusini na njaa. Lakini mguu haukuuma. Alilala usiku ule kama mtoto.

Picha ziliposafishwa, zile za kanisani zilikuwa giza, maana lenzi ile ikivuta mbali inakuwa na kiu ya mwanga, na flashi haifiki huko. Pete ilitoka kama ukungu. Za nje, hata hivyo, zilimfurahisha. Watu walikuwa wanacheka kweli! Na ukoo wote wa watu arubaini na watatu ulikuwa umeenea, pamoja na nyumba ya Mwongeli na mabati yake mapya. Muthoka alijiambia kwamba labda kanisani atajitahidi asogee, huku nje lenzi ifanye kazi. Tayari alikuwa anamuuza ng'ombe kichwani.

Jumapili aliyokwenda Kangundo kupeleka picha, ukoo ulikuwa umekusanyika tena, kama desturi, kwa sababu picha za arusi haziangaliwi na mtu mmoja. Alizitandaza kwenye mkeka. Kila mmoja akainama kujitafuta.

Mbinya, shangazi yake bwana arusi, ndiye aliyeanza. "Aiya! Viatu yangu iko wapi?"

"Nimekupiga kutoka kiunoni, Mama, ndio uso uonekane," Muthoka akasema.

"Uso ninayo kila siku. Viatu nilinunua ya arusi. Na hapa ninatafuna mfupa! Nani alikuambia niko tayari?"

Huyu alikataa, yule naye akakataa. Ukambani kote, na Muthoka alilijua hili kuliko mtu yeyote, picha ni ya mtu aliyesimama wima, mikono imetulia, mkoba unaonekana, viatu vyote viwili viko ndani. Anayekupiga picha ukicheka bila habari amekuibia. Kwa wiki nzima lenzi ile ilikuwa imemsahaulisha kazi yake mwenyewe.

Kisha Mwongeli akaishika picha ya ukoo. Alikuwa amesimama ukingoni kabisa, na lenzi ikipanuliwa sana huwa inawatanua walio kando.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, Mama Muli."

"Mimi niko mnono, sikatai, Mungu amenipa. Lakini hapa umeniongezea na jirani."

Boma zima likacheka hadi kuku wakakimbia. Muthoka alicheka pia, kwa aibu, jasho likimtoka. Mwongeli hakucheka. Alikuwa anamtazama.

"Na wewe ulikuwa wapi siku hiyo? Sisi tumekuzoea. Unatusumbua, simama hivi, inua kichwa, Mbinya funga mdomo. Hii mara sikusikia sauti yako. Ulitupiga ukiwa umejificha?"

Hapo Muthoka akasema kweli yote. Aliwaeleza kuanguka kwake, nyonga, kiti chini ya ukuta wa jiko, njaa aliyotoka nayo, na ng'ombe aliyekaribia kuuzwa. Lenzi yake ya zamani ilikuwa mkobani, akaitoa na kuwaonyesha. Alinyoosha kidole nyuma yake, ambako ua uliishia kwenye ukingo wa tuta.

"Kuwaeneza nyinyi wote na hii, lazima nirudi mpaka pale. Na pale siwezi tena kwenda."

Hakuwa amewahi kulisema neno hilo kwa sauti, hata mbele ya Mutheu. Alianza kuzikusanya picha zake, akitafuta namna ya kuaga.

"Ngoja," Mwongeli akasema. "Nani alisema ni lazima urudi wewe? Wewe uko na mguu moja mgonjwa. Sisi tuko na miguu mingapi hapa?"

"Mama Muli, mkirudi nyinyi, nyumba itakuwa nyuma yangu, haitaonekana," Muthoka akamwambia, maana alijua mabati yale yaliezekwa haraka ili yawahi picha.

"Mabati itangoja. Hiyo haizeeki. Wewe Muli, leta kiti ya kameramani!"

Walimkalisha kivulini kwenye pembe ya nyumba, akitazama shamba la maharagwe lililokuwa limevunwa, tambarare na refu. Mbinya alimletea sahani ya wali na nyama, akasimama hapo hapo kuhakikisha anakula kwanza, kwa sababu habari ya njaa yake ilikuwa imewachoma kuliko habari ya nyonga. Muthoka alikula. Kisha akaivua lenzi mpya kwenye kamera, akatia ya zamani, ile mpya akaifunga kifuniko na kuirudisha kwenye boksi lake. Haikuwa na kosa lolote, ila ilimfaa mtu anayepiga picha simba, ambao hakuna haja ya kusalimiana nao. Kesho ingerudi kwa Aloys pamoja na shukrani, na ng'ombe angebaki zizini.

Ukoo ukajipanga mbele yake, karibu mno, halafu ukaanza kurudi nyuma shambani. Muli na ndugu yake walimbeba nyanya yao Kalunde juu ya kiti chake, naye akiwakemea wasimtikise. Nzilani, aliyevaa nguo ya kanisani kwa kuwa gauni la kukodi lilikuwa limesharudi kwa mwenyewe, alikuwa amemshika mumewe shati asijikwae. Mashangazi walishikana mikono. Watu arubaini na watatu wenye viatu vya Jumapili walikwenda kinyumenyume kwenye udongo, wakicheka, wakikanyagana, ili mtu mmoja asiinuke kitini.

"Inatosha?" Mwongeli akapaza sauti.

"Bado kidogo!"

Wakarudi. Muthoka akaweka jicho kwenye kamera, na wote walikuwa wameenea, kutoka Kalunde katikati hadi viatu vya Mbinya upande wa kulia. Alitaka kuwaambia wasimame hapo hapo. Alitaka kuwaambia asante. Lakini machozi yalikuwa yamemjaa, na kioo chote kimekuwa maji.

"Kameramani! Inatosha?"

Muthoka akainua mkono kuomba wamngoje kidogo. Nao, wakidhani hawajafika, wakarudi tena hatua moja.