Ufuta wa Zulfa na Mashine ya Mikorosho

Mbaruku alikuwa ameshakaa nyuma ya pikipiki, mashine yake ya kupulizia mikorosho mgongoni, aliposikia dada yake anapiga ukunga kutoka shambani.

"Twende, mzee wangu," akasema Edwin wa bodaboda. "Kule Chinongwe wanakusubiri na mikorosho yao."

"Ngoja kwanza."

Akashuka huku ananuna. Wiki haijaisha tangu afike hapa Chiola, na tayari nyayo zinamwasha. Ndivyo alivyo tangu ujana: leo Nambambo, kesho Ruangwa, anapulizia mikorosho ya watu, na yeye mwenyewe hana hata mmoja.

Wasaka panya walikuwa wamechoma nyasi ng'ambo ya korongo, wakabeba panya wao, moto wakauacha. Sasa upepo ulikuwa unauleta. Na mbele yake kulikuwa na ufuta wa dada yake, Zulfa, matita yamesimamishwa wima yakiegemea miti, yamekauka, maganda yamekwisha kufunua midomo. Ufuta ukifika hapo haushikwishikwi. Ukiutikisa umeumwaga. Maturubai ya kukung'utia alikuwa bado hajaazima, chini ni vumbi tupu. Na mwaka huu mjane yule hakuwa na kingine. Mahindi yalikaukia shambani kabla ya kubeba.

Edwin akalikimbilia tita, akalikumbatia.

"Acha!" Zulfa akamfokea. "Utanimwagia!"

"Sasa mama, liungue?"

"Kata matawi mabichi ukaupige moto huko! Kukumbatia utakumbatia mkeo."

Mbaruku alimimina ndoo ya maji kwenye tangi, akavuta kamba, mashine ikanguruma. Akauendea moto uso kwa uso, mafuta hadi mwisho, bomba limeulenga. Mashine ile hurusha dawa mpaka kilele cha mkorosho. Ina pumzi ya shetani. Moto ukalala, halafu ukainuka mrefu kuliko mwanzo, cheche zikampita kichwani.

"Kaka! Unaupepea!"

Cheche moja ikadondokea tita la pembeni. Zulfa akaling'oa akalitupa mbali likiwaka, na mbegu zikamiminika njia nzima. Hakulia. Alizitazama tu, kisha akamtazama kaka yake, na jicho lile lilimchoma Mbaruku kuliko moto.

Akarudi nyuma. Upepo ulikuwa unatoka kwenye moto kuja kwenye ufuta. Basi ubebe maji wenyewe, akawaza. Mbona asubuhi mikoroshoni ndivyo tunavyofanya? Akasimama katikati, ufuta mgongoni, akapunguza mafuta, akainua bomba juu kama anayepulizia mti ambao haupo.

Maji yakatoka laini, yakawa ukungu. Upepo uleule ukauchukua ukungu, ukaushusha kwenye nyasi mbele ya matita na juu ya matita yenyewe, pole pole, kama umande. Hakuna ganda lililotikisika.

"Maji!" akaita.

Zulfa akaleta ndoo. Akaleta nyingine. Edwin alikuwa ubavuni anapiga moto kwa matawi, anakohoa, anawatukana wasaka panya na ukoo wao wote. Mbaruku akaenda upande huu, akarudi upande ule, mgongo unamlilia. Moto ukafika kwenye nyasi zilizolowa, ukafoka, ukatoa moshi mweupe, ukafupika. Ukatafuta pa kupita. Ukakosa.

Zulfa akapita kati ya matita mikono kaipeleka nyuma, asije akagusa kitu. Akainama, akachungulia chini ya kila tita kama kuna mbegu zilizomwagika.

"Yapo salama," akasema.

"Jua likipiga yatakauka," Mbaruku akasema. "Basi mimi niende."

"Uende wapi? Kisiki kile kinafuka moshi. Kitakaa na moto mpaka keshokutwa, na upepo huu huu."

Mbaruku akakitazama kisiki. Akaitazama barabara. Akakitazama kisiki tena.

"Mimi siwezi kukaa kulinda kisiki, Zulfa. Unanijua."

"Nani kakwambia ukae?" Zulfa akamtupia jembe. "Zunguka. Nizungushie ufuta wangu njia ya kuzuia moto, palime pawe peupe. Ukimaliza, zunguka tena."

Edwin akacheka mpaka akakaa chini. Mbaruku akatua mashine, akatemea viganja, akaanza kulima huku anatembea.