Halali Pangoni Tu

Mtu akikujia na tai shingoni katika jua la Kondoa, ficha kuku wako. Ludovick alikuja na tai mwaka wa tisini na nne, enzi za ruksa, kila mwenye gari la kuazima akijiita mwekezaji. Aliwapita wazee barazani bila hata shikamoo, akamwaga makaratasi yanayong'aa kwenye meza ya ofisi ya kijiji. Zilikuwa noti za kumbukumbu, zenye picha ya pango letu la Irangwe, za kuwauzia watalii. Picha yenyewe aliipigia mlangoni. Ndani aliogopa popo.

Pango hilo limezama chini ya ardhi, na kuta zake zina michoro ya watu ambao hata mababu zetu hawakuwajua. Bi Mwajabu ndiye mtunzaji wake, kama alivyokuwa mama yake. Mvua ikichelewa, yeye na wanawake wenzake hushuka na unga na maji kuomba. Kabla ya hapo hakuna anayethubutu kupanda uwele.

Mimi ndiye mwalimu, kwa hiyo mkataba niliusoma mimi. Juu uliandikwa: MKATABA WA PANGO. Nikawaambia wazee, "Ni karatasi ya kulitunza pango letu. Tena kijiji kitalipwa noti elfu mbili kila mwaka." Wakatia dole gumba. Miaka kumi na minane nafundisha Kiswahili, na siku hiyo sikukumbuka kwamba pango ni kodi pia. Tulikuwa tumempangisha! Bado najidharau. Ila yeye namdharau zaidi, maana mimi nilikosea, yeye alikusudia.

Wiki iliyofuata kukawa na geti la chuma na mlinzi kutoka mjini, Batholomeo, na sisi wenyeji tukazuiwa kuingia. Malipo nayo yakaja: noti elfu mbili, zile zile za picha. Watalii hawakununua hata moja, basi akatubwagia sisi zote.

"Si mlitaka noti?" alisema, akacheka mpaka tai ikalegea.

Desemba ikaingia bila tone. Bi Mwajabu akanijia shuleni na noti mkononi.

"Mwalimu, wewe uliyetufungia ndiye utakayetufungulia. Hebu nisomee hivi viherufi vya chini."

Nikasoma. Ludovick, kwa kuogopa kushtakiwa kwa fedha bandia, alikuwa amechapa kwenye kila noti: *Hii si fedha ya nchi. Ni halali katika Pango la Irangwe tu.*

Nilimsomea mara mbili, kwa utamu wake.

Asubuhi yake wanawake arobaini walipanga foleni getini, kila mmoja na noti yake na kibuyu chake. Batholomeo akaisoma ya kwanza, akajikuna kichwa, akafungua. Ndipo Ludovick akafika na wageni watatu wenye kamera, akaanza kufoka.

"Bosi, umeandika mwenyewe," Batholomeo alimwambia.

Bi Mwajabu alikuwa amekwisha kuketi mlangoni mwa pango, akipokea noti. Ludovick akatazama wageni, akatazama foleni, akamsogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Noti yako?"

Akapapasa mifuko yote, akatoa noti ya shilingi elfu. Bi Mwajabu akaigeuza huku na huku, akamrudishia.

"Hii haifai hapa," alisema. "Anayefuata."